Blanketi Halina Joto: Tatizo la Boila Darini katika Somo la Sayansi

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka uliopita tulimsikia mwalimu mwanafunzi akiwaambia watoto wa darasa la sita kwamba sweta hutia mwili joto. Hatukumsahihisha mbele ya darasa. Tuliporudi chuoni tuligundua kuwa wenzake karibu wote wangesema vivyo hivyo, na sisi wenyewe tumewahi kuyaandika maneno hayo ubaoni. Ili kuling'oa kosa hilo tuliwapa walimu wanafunzi tatizo la nchi ya mbali, na tulifanya hivyo kwa makusudi, kwani jambo la karibu kila mtu hudhani analijua.

Nchini Uingereza nyumba nyingi zina paa la mteremko, na kati ya paa na dari mna nafasi itumiwayo kama stoo. Baadhi ya watu huweka humo boila, yaani mtambo unaopasha moto maji yanayozunguka katika mabomba ili kuvipa vyumba joto. Tuseme mwenye nyumba mmoja alitandika juu ya dari yake sufu ya madini, ambayo ni nyuzi laini mfano wa pamba, kwa unene wa milimita 270 unaopendekezwa huko. Vyumba vikawa na joto zuri. Majira ya baridi yalipofika, mabomba ya darini ambayo hayakuwahi kuganda yaliganda, na moja likapasuka. Kwa nini? Naye afanye nini?

Kupasuka kwa bomba hakukuwatatiza. Maji yagandapo hutanuka kwa kiasi cha asilimia 9, na aliyewahi kusahau chupa ya soda katika friza ameyaona matokeo yake. Lililowashinda ni kwamba nyumba iliongezewa "blanketi", kisha sehemu yake moja ikazidi kuwa baridi. Wengi walishauri matundu ya hewa yaliyo upenuni yazibwe. Hatukuwajibu, tuliwapeleka kwenye majaribio, na hayo ndiyo tunayowashauri wasomaji wetu wayafanye pamoja na watoto.

Funga kipimajoto ndani ya sweta, kiache usiku kucha, na kabla ya kukifungua kila mtoto aandike anachotarajia. Watoto hutarajia kipimo kimepanda. Kumbe kinasoma sawa na hewa ya chumba! Kisha chukua vipande viwili vya barafu vilivyo sawa, kimoja kizungushie sweta na kingine kiache wazi juu ya sahani. Aghalabu darasa zima litasema kuwa cha ndani ya sweta kitayeyuka kwanza. Mwalimu asiharakishe hapa. Ubishi wa watoto wakati barafu ya wazi inapokwisha na ile iliyofunikwa ingalipo una thamani kuliko maelezo yetu yote. Huenda mmoja wao akakumbuka wachuuzi wanaofunika barafu kwa magunia, na hapo somo litakuwa limejifundisha lenyewe. Kihami hakizalishi joto. Hukawiza tu safari yake, liwe linatoka au linaingia.

Sasa turudi darini. Zamani joto la vyumba lilipenya dari na kuipasha ile nafasi ya juu bila mtu kukusudia. Sufu ilipolizuia joto hilo chini, dari ikawa karibu sawa na nje kwa baridi. Kuziba matundu ya upenuni kungeongeza madhara. Mvuke wa kupika, kuoga na kupumua hupenya nyufa za dari, na ukikutana na mbao baridi hugeuka matone; mbao huota ukungu na hatimaye kuoza. Ndiyo maana kwa paa lenye mteremko wa nyuzi 15 au zaidi huachwa upenuni, pande zote mbili, upenyo usiopungua ule wa ufa wa milimita 10 unaoendelea urefu wote. Dari haina budi kubaki baridi na yenye kupitisha hewa. Kinachohitaji kulindwa ni bomba.

Mabomba huvikwa kihami, lakini jaribio la barafu linatuonya: maji yaliyotulia usiku mzima wa baridi kali yataganda hata yakivikwa, ila kwa kuchelewa. Lazima pawe na chanzo cha joto. Kwa hiyo hufungwa swichi inayohisi baridi, ambayo huiwasha boila hewa ya darini ikishuka hadi nyuzi 5 hivi za Selsiasi, hata kama saa ya boila imeizima. Umeme ukikatika, kinga hiyo haipo. Tena haililindi bomba jembamba linalotoa nje maji yatokanayo na moshi uliopozwa. Katika baridi ya Desemba 2010 mabomba mengi ya aina hiyo yaliganda huko Uingereza, na boila zikajizima wakati zilipohitajiwa mno.

Swali la kuwaachia watoto ni hili. Nyumba za kale za Kiingereza huwa na tangi la maji baridi darini. Mafundi hulivika tangi pande zote na juu, lakini dari iliyo chini yake huiacha bila sufu. Watoto wachore nyumba hiyo na kuonyesha kwa mishale njia ya joto, nasi tusiwape jibu kabla ya michoro kukusanywa.