Frateri, Ndege Amehama



Leo fungua Biblia yako, Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 6 na 7. Ni mistari ambayo wengi tunairuka. Inamhusu mtu aliyekuta kiota njiani, mama amelalia mayai au makinda, na Mungu anamwekea mpaka: mama usimguse. Nimemaliza digrii ya falsafa bila kusimama hapo hata dakika moja.

Mimi ni mtoto wa Ruangwa. Tuliokulia kule tulijua manati na ulimbo kabla ya kujua kusoma. Mvua za Desemba zikianza mnana wanasuka viota, na sisi tunapanda kuvishusha. Nilishusha vingi, na kwenye kitubio sikutaja hata kimoja. Nani anaungama kiota?

Mwaka huu niko Nachingwea kwa mwaka wa kichungaji. Nyuma ya nyumba ya mapadre kuna mkorosho, na mwezi wa kwanza chozi jike alining'iniza humo kifuko chake cha nyasi na majani makavu, kimeshonwa kwa utando wa buibui. Nikasema huyu nitamfuatilia. Wakati huo nilikuwa nasoma habari za watu wanaovalisha ndege pete, nikawa nimenogewa kabisa.

Habari zenyewe ni tamu, hebu sikia. Aristotle, mwalimu wetu wa mantiki, aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha kwenye mashimo wakati wa baridi, wakiwa wamenyonyoka manyoya. Watu wakaamini karne na karne. Mwaka 1822, huko Ujerumani, akapatikana korongo aliye hai na mkuki wa Kiafrika umemchoma shingoni. Kumbe alikuwa huku kwetu! Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, akaanza kuwavalisha ndege pete nyepesi za alumini zenye namba. Mbayuwayu aliyevalishwa pete Uingereza Mei 1911 akakamatwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Jirani zetu wa Kenya nao, tangu 1969, hunasa ndege wahamao kwa nyavu nyembamba pale Ngulia, Tsavo Magharibi, usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, wakawavalisha pete na kuwaachia.

Ndege anapimwa bawa, anapimwa uzito, kisha manyoya ya tumbo yanapulizwa. Ukiona ngozi tupu yenye joto, ujue analalia mayai: manyoya ya hapo hupukutika ili mayai yaguse mwili wenyewe. Hapo nilifunga simu nikakaa kimya. (Msijaribu nyumbani jamani. Kazi hiyo ina mafunzo na kibali, na kwa Tanzania utafiti wa wanyamapori unapitia TAWIRI.)

Pete sikuwa nayo, nilikuwa na daftari. Kila asubuhi baada ya misa na kila jioni kabla ya masifu nilikwenda kuchungulia. Mayai mawili. Niliwaita na watumishi wa altare waje waone. Tukatengeneza njia kwenye majani, unaiona hata kutoka barabarani. Siku ya kumi na moja dogo mmoja akaja mbio: "Frateri, ndege amehama." Kifuko kimechanika, mayai hayapo. Sijui ni nyoka au ni nani, ila njia ya kumfikisha pale niliichora mimi. Dogo akaongeza, bila ubaya: "Ulikuwa unamchosha."

Wanaofuatilia viota wana kanuni zao, nilizisoma nikiwa nimechelewa. Usiende anapojenga. Pitisha siku kadhaa kabla ya kurudi. Ukifika usikawie, na ubadilishe njia ya kuondokea. Makinda wakiota manyoya usisogee kabisa, wasije wakaruka kabla ya wakati. Na kuna siku unatakiwa tu kutazama kwa mbali, ujue kidogo kuliko unavyotaka.

Kwa nini nawaambia haya? Kuna kijana wa VIWAWA hapa parokiani aliyefiwa na baba yake, akaacha kuja. Nilimpigia kila siku. Meseji asubuhi, meseji usiku, mistari ya Biblia, nikamtuma na katekista. Mwishoni akanizuia kwenye simu. Nilidhani huo ndio uchungaji. Kumbe nilikuwa nachungulia kiota.

Mtakatifu Tomaso anasema Mungu aliumba viumbe vingi na tofauti kwa sababu kiumbe kimoja hakitoshi kuonyesha wema wake. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani vizuri tu. Wiki hii jaribuni kulijibu nje: tafuta kiota kimoja jirani na kwenu, kitazame ukiwa mbali, andika tarehe na ulichoona, kisha mwombee mtu mmoja bila kumtafuta.

Mimi nina tetere kwenye mpera. Kijiti hapa, kijiti pale, eti hicho ndicho kiota! Nahesabu hatua ishirini kutoka barazani, naangalia mara moja kwa siku tatu. Dume na jike wanapokezana kulalia.

Jumapili iliyopita yule kijana alikaa benchi la mwisho, misa ya kwanza. Aliondoka kabla ya matangazo. Sikumfuata.