Gurudumu la mkokoteni: kuziba pancha au kununua tairi jipya?

Mkokoteni ukipasuka tairi saa 12 alfajiri ukiwa na matenga ya nyanya, hasara haiishii kwenye tairi. Msukumaji anakosa ujira wa safari hiyo, mwenye nyanya anafika sokoni wenzake wameshauza, na mwenye mkokoteni anakosa hesabu ya siku. Hata hivyo, mara nyingi kinachoandikwa kwenye daftari ni kitu kimoja tu: bei ya kiraka.

Somo la wiki hii linahusu namna ya kukokotoa gharama halisi ya gurudumu. Linawalenga wenye mikokoteni ya kukodisha, wenye maduka wanaosomba mizigo kwa mikokoteni yao wenyewe, na yeyote mwenye mtaji mdogo anayefikiria kuingia katika biashara hiyo.

KIPI KINATENGENEZEKA?

Gurudumu si kitu kimoja. Ni tairi, tyubu, rimu na beringi zinazozunguka kwenye ekseli. Kila kimoja kina ugonjwa wake, na mwenye mkokoteni asiyevitofautisha atalipia tiba isiyohusika.

Tyubu: Tundu dogo la msumari huzibika bila shida, ilimradi fundi asugue mahali pa kiraka na kuiacha gundi ikauke kabla ya kubandika. Kabla ya kurudisha tyubu ni lazima apapase ndani ya tairi kutafuta msumari au mwiba uliobaki. Asipofanya hivyo, mkokoteni utarudi kwake kabla ya jua kuzama. Tyubu iliyochanika kwa urefu, au inayovuja kwenye shina la valvu, ibadilishwe.

Tairi: Kwa kuwa mkokoteni hauendi kasi, kashata zilizopungua si sababu ya kulitupa tairi. Sababu ni nyuzi au nyaya zinapoanza kuonekana, tairi linapovimba, au ubavu unapochanika. Ubavu ndio unaopinda kila mzunguko, kwa hiyo kiraka cha hapo hakidumu.

Rimu: Ikipinda kidogo hunyooshwa. Kutu ya ndani ikwanguliwe na kupakwa rangi, kwani kutu yenye ncha hukata tyubu. Hii ni kazi ya gharama ndogo inayoondoa pancha nyingi zisizo na msumari. Lakini rimu ambayo matundu ya bolti yamelika na kupanuka ibadilishwe, kwa sababu gurudumu linaweza kuchomoka likiwa na mzigo.

Beringi: Haitengenezwi. Inapakwa grisi ikiwa nzima na inabadilishwa ikiwa imekufa. Kipimo ni rahisi: inua upande mmoja wa mkokoteni, zungusha gurudumu, sikiliza. Likikwaruza, au likicheza linaposukumwa pembeni, beringi imekwisha. Kuichelewesha ni kuhatarisha ekseli, ambayo bei yake ni kubwa zaidi.

HESABU YENYEWE

Ichukuliwe kwa mfano kwamba hesabu ya mkokoteni ni Sh. 3,000/- kwa siku, na kila pancha inagharimu Sh. 2,000/- na kupoteza nusu siku, yaani Sh. 1,500/-. Tarakimu hizi ni za somo; kila mmoja aweke za soko lake.

Mwenye mkokoteni A ananunua tairi lililochakaa kwa Sh. 20,000/-. Linadumu siku 130 za kazi na linapata pancha 8. Mwenye mkokoteni B ananunua tairi zima kwa Sh. 60,000/-. Linadumu siku 390 na linapata pancha 9.

Kwa siku 390, A atanunua matairi matatu. Gharama zake kwa gurudumu moja ni hizi:

Matairi 3: Sh. 60,000/-
Pancha 24: Sh. 48,000/-
Nusu siku 24 zilizopotea: Sh. 36,000/-
Jumla: Sh. 144,000/-

Gharama za B kwa muda huo huo:

Tairi 1: Sh. 60,000/-
Pancha 9: Sh. 18,000/-
Nusu siku 9 zilizopotea: Sh. 13,500/-
Jumla: Sh. 91,500/-

Kwenye kununua wote wametoa Sh. 60,000/-. Tofauti ya Sh. 52,500/- imetokana na pancha na kusimama. Kwa magurudumu mawili ni Sh. 105,000/-, sawa na hesabu ya siku 35. A amefanya kazi zaidi ya mwezi mzima kwa ajili ya tairi aliloliona rahisi.

Hii haina maana kwamba tairi la mtumba halifai. Tairi lililotoka kwenye gari likiwa bado na ubavu mzima linaweza kuufaa mkokoteni vizuri. Swali la kuuliza ni litafanya kazi siku ngapi, na litasimama mara ngapi.

PANCHA NI YA NANI?

Pale ambapo makubaliano yanasema pancha ni ya msukumaji, mwenye mkokoteni anaweza kudhani hesabu hiyo haimhusu. Ukweli ni kinyume chake. Msukumaji ambaye ameshapata safari mbili tu siku hiyo, na bado anadaiwa hesabu ya jioni, hatasimama kwa ajili ya upepo uliopungua. Atasukuma hivyo hivyo. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika ubavu, tyubu husagika, na rimu hugonga lami. Pancha ya Sh. 2,000/- imegeuka kuwa tairi, tyubu na rimu.

Aidha, mkokoteni wenye upepo mdogo ni mzito. Msukumaji anachoka mapema na kupunguza safari, na asiyepata safari za kutosha huanza kuchelewesha hesabu. Wenye mikokoteni wanaolalamika kwamba vijana hawalipi wangefaa kwanza kukagua upepo.

Njia ya kati ni kugawana: tajiri alipie vipuri na grisi, msukumaji alipie kiraka cha kawaida, na pancha inayotokana na tairi lililokwisha iwe ya tajiri. Makubaliano hayo yaandikwe na pande zote mbili zibaki na nakala.

AKIBA YA GURUDUMU

Gurudumu litakufa, linalojulikana kidogo ni siku gani. Kwa hiyo fedha zake zitengwe kabla. Katika mfano wa B, tairi na pancha ni Sh. 78,000/- kwa siku 390, sawa na Sh. 200/- kwa siku kwa gurudumu, au Sh. 400/- kwa mawili. Ikiongezwa Sh. 100/- ya grisi na beringi, akiba inakuwa Sh. 500/- kwa siku.

Maana yake ni kwamba katika hesabu ya Sh. 3,000/-, kipato ambacho mwenye mkokoteni anaweza kukigusa ni Sh. 2,500/- tu, kabla ya kuhesabu fremu, mbao na ushuru. Anayekula Sh. 3,000/- zote anakula gurudumu lake polepole. Siku litakapopasuka atakopa, au mkokoteni utaegeshwa ukutani wiki nzima huku msukumaji akihamia kwa tajiri mwingine.

KABLA YA KULIPA

1. Soma umri wa tairi. Kwenye ubavu, baada ya herufi DOT, matairi mengi ya gari yana tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba ya zamani hupasuka nyufa hata kama kashata zimejaa.

2. Linganisha vipimo. Tairi lililoandikwa 175/70R13 linakaa kwenye rimu ya inchi 13, si nyingine. Magurudumu yote mawili yawe na kimo kimoja. Mkokoteni ulioinama hulemea tairi moja na beringi moja.

3. Nunua beringi kwa namba, si kwa macho. Namba imechorwa kwenye beringi yenyewe. Beringi ya 6204, kwa mfano, ina tundu la milimita 20 na upana wa nje wa milimita 47. Ya 6205 ni 25 kwa 52. Herufi 2RS zinaonyesha kwamba ina kizuizi cha mpira pande zote mbili, jambo linalofaa kwenye vumbi na matope.

4. Pakia uzito juu ya ekseli. Mifuko 10 ya saruji ya kilo 50 ni kilo 500, sawa na kilo 250 kwa kila gurudumu ikipangwa sawa. Ikiegemea upande mmoja, hesabu hiyo haipo tena.

5. Andika kila pancha kwenye daftari: tarehe, gurudumu la kulia au la kushoto, na muda mkokoteni uliosimama. Gurudumu moja likipata pancha tatu ndani ya mwezi, usimlaumu fundi wala msukumaji. Livue, kagua rimu na tairi kwa ndani, kisha amua kama linastahili kiraka cha nne.