"Simama!": neno moja, amri tatu mbele ya bendera

Mjomba wangu wa Niemba ni mtu wa kutii. Asubuhi moja, nikiwa bado mtoto, tulikuwa njiani kwenda sokoni, mbali kidogo na kwetu. Yeye alipanda kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli, na gunia la makala nyuma. Mimi nilimfuata kwa miguu. Mbele ya ofisi moja bendera ilikuwa inapandishwa. Mtu mwenye sare akapaza sauti: "Simama!" Mjomba akafunga breki, akaweka mguu mmoja chini, akabaki juu ya kiti na kofia kichwani.

Bendera ilipofika juu aliitwa. Kosa lake: hakusimama.

"Nilisimama, shefu."

"Ulikaa!"

Wote wawili walisema kweli. Hata hivyo gunia la makala lilibaki pale kama amande, bila karatasi yoyote. Makala yale yangelipa minervali yangu ya muhula.

Katika somo hili nataka kuonyesha kwamba ugomvi ule ulianzia katika kitenzi, na kwamba dawa yake inahusu kazi yetu sisi wa lugha.

1. Maana za kusimama

Kitenzi hiki kina angalau maana tatu:
(a) kuacha mwendo: "Treni imesimama."
(b) kuinuka kutoka kukaa: "Simameni, mwalimu ameingia."
(c) kubaki wima: "Mlinzi anasimama mlangoni."

Kifaransa kinazigawa: s'arrêter, se lever, se tenir debout. Kwa kawaida muktadha unatusaidia. Anayetembea kwa miguu, akiacha mwendo, tayari yuko wima. Maana (a) na (c) zinakutana. Aliye juu ya kinga, au ndani ya gari, anaweza kutii (a) bila kutimiza (c). Mjomba alisikia (a). Mwenye sare alitaka zote tatu, na kuvua kofia juu yake, jambo ambalo neno "simama" halina hata kidogo.

2. Maandishi yanasema nini?

Katiba ya 18 Februari 2006, katika ibara ya 1, inaeleza bendera yetu: rangi ya buluu ya mbingu, nyota ya manjano pembeni juu kushoto, na mstari mwekundu wa mshazari wenye kingo nyembamba za manjano. Ibara hiyo hiyo inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Haielezi mpita njia asimame vipi.

Ibara nyingine nne zinagusa kisa chetu. Ya 62 inamhesabu kila mtu kuwa anajua sheria. Ya 17 inakataza mtu kushitakiwa au kukamatwa nje ya sheria na taratibu zake. Ya 18 inataka anayekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Ya 142 inaipa serikali siku 60 tangu sheria kutangazwa rasmi ili kuisambaza kwa Kifaransa na kwa kila lugha ya taifa.

Tusome ya 62 pamoja na ya 142. Raia anadaiwa kujua. Serikali inadaiwa kumjulisha kwa lugha yake. Deni la kwanza linadaiwa barabarani, papo hapo. La pili linangoja watafsiri. Jirani zetu wa Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria zao. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema lugha hii haifai kazi hiyo.

3. Kwa nini Niemba?

Wazee wa kwetu wanaijua bendera kama jambo la kufa na kupona. Julai 1960 Katanga ilitangaza kujitenga, na bendera yake yenye misalaba mitatu ya shaba. Waluba wengi wa kaskazini waliupinga utengano huo. Tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba, askari tisa wa Ireland waliokuja na Umoja wa Mataifa waliuawa katika shambulio. Baadaye, mwaka 1971, ikaja bendera ya kijani ya Zaire. Mwaka 1997 buluu ikarudi. Mtu aliyeona bendera nyingi hivyo hujifunza kutii haraka bila kuuliza. Lakini hofu si heshima. Anayeogopa hutazama fimbo. Anayeheshimu hutazama bendera.

4. Pendekezo

Napendekeza agizo liandikwe hivi, libandikwe panapopandishwa bendera: "Bendera inapopandishwa au kushushwa, acha mwendo, teremka kwenye kinga, vua kofia, simama wima hadi mwisho." Kila kitenzi kina kazi moja tu. Na chini yake itajwe sheria inayoagiza hivyo, kwa namba na tarehe. Kama sheria hiyo haipo, basi tuandike "tafadhali", kwa maana ombi halina amande.

Mazoezi
1. Tafsiri debout katika jina la wimbo wa taifa, Debout Congolais. Chagua kati ya "inukeni", "simameni" na "wima". Tetea uchaguzi wako.
2. Tofautisha "lazima", "inapaswa" na "inafaa" katika agizo la serikali. Ni lipi linaloweza kumtoza mtu gunia la makala?
3. Soma pendekezo langu kwa mzee asiyejua Kifaransa. Mwombe akuonyeshe kwa mwili alichoelewa. Akikosea, sahihisha sentensi, si mzee.