SOMO LA SHAMBA: NJEGERE NA JUMAPILI ZA MWANZO



Wengi wetu tunaokaa Kanyosha tuna kipande cha shamba juu milimani, na siku ya kukifikia ni Jumapili tu. Mshahara peke yake haujazi chungu. Basi tujue hili: njegere, yaani ubwishaza, zikitoa mavuno haba, mara nyingi kosa limefanyika katika wiki sita za kwanza.

1. Mahali. Njegere hupenda ubaridi. Huko Mugamba, penye mwinuko wa meta 2,000 na zaidi, hustawi. Huku chini karibu na ziwa, kwenye meta 800 hivi, joto huangusha maua kabla ya kufunga maganda. Mwenye shamba la huku apande kunde.

2. Udongo. Usituamishe maji, kwani mizizi itaoza. Usirudie njegere mahali pale pale kabla ya miaka mitatu, maana ugonjwa wa mizizi hubaki udongoni.

3. Kupanda. Mstari kwa mstari sentimeta 30, mbegu kwa mbegu sentimeta 5, kina sentimeta 4. Anayemwaga mbegu ovyo hupata mahali pamesongamana, ugonjwa wa majani ukaenea, na mahali patupu pakajaa magugu.

4. Mbolea. Mizizi ya njegere ina vinundu vyenye vijidudu vinavyokamata naitrojeni ya hewani. Kwa hiyo fedha yako usiitupe kwenye yurea: utavuna majani mengi na maganda machache. Tia samadi iliyooza vizuri.

5. Palizi. Mche wa njegere ni mnyonge mbele ya magugu. Palilia wiki ya tatu, kisha kabla ya wiki ya sita, na usimike vijiti vya kutambalia. Baadaye mimea hushikana, na jembe hukata mizizi. Palizi iliyochelewa hairudishi kilichopotea.

Hapa ndipo umoja unapohitajika. Mwenye zamu ya kiwandani Jumapili ya palizi hawezi kugawanyika mara mbili. Watu wanne wakipaliliana mashamba kwa zamu, hakuna shamba litakaloliwa na magugu.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Kwa nini yurea haizidishi maganda?
(b) Katika kikundi chetu, nani atabadilishana zamu na nani msimu huu?