Uchawi uliotoka kwenye sarufi

SWALI: Mwalimu wetu alisema neno la Kiingereza «glamour», tunalolisikia kwenye mambo ya mitindo na filamu, zamani lilimaanisha uchawi. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli, na ajabu zaidi ni kwamba lina nasaba moja na «grammar», yaani sarufi. Mzizi ni Kigiriki, grammatikē, elimu ya herufi, uliopitia Kilatini na Kifaransa cha kale hadi Uingereza. Katika Ulaya ya Zama za Kati waliojua kusoma walikuwa wachache, tena vitabu vingi vilikuwa vya Kilatini. Kwa mkulima asiyejua hata herufi moja, mtu aliyeinamia kitabu akinong'ona maneno yasiyoeleweka angeweza kuwa anafanya lolote lile! Basi elimu ya vitabu ikahesabiwa pia kuwa elimu ya siri, pamoja na unajimu na uganga. Wafaransa nao, kwa mzizi huohuo, wakapata «grimoire», kitabu cha uchawi.

Waskoti ndio walioigeuza r kuwa l. Kwao, katika karne ya 18, glamour ilikuwa kiinimacho hasa: mtu anarogwa macho akaona kisichokuwapo. Mshairi Walter Scott akalieneza neno hilo, likiwemo katika utenzi wake wa 1805, The Lay of the Last Minstrel.

Maana ya urembo na mvuto ilifuata taratibu. Hollywood ikaidaka, mwaka 1939 likaanzishwa jarida la Glamour of Hollywood. Wamarekani, wanaoandika «color» bila u, hapa wengi wao wameiacha u mahali pake.