SOMO LA AFYA: UA LA UANI NA DAWA YA KANSA



Hapa Kombani nyumba nyingi zina ule ua mdogo wa waridi au mweupe, unaostahimili jua na mchanga. Asili yake ni Bukini. Kikundini tuliulizwa: "Tunasikia ua huu watibu kansa. Si tuchemshe majani tunywe, tuokoe nauli ya Mombasa?" Swali zuri. Tulijibu pamoja.

1. Je, ni kweli?
Ndiyo, dawa hutoka humo. Mwaka 1952 majani yake yalipelekwa Kanada kutoka Jamaica, ambako watu waliyanywa kwa kisukari. Robert Noble na Charles Beer walipoyachunguza, sukari haikushuka. Kumbe yalipunguza chembe nyeupe za damu! Hapo ndipo ilipoanzia safari ya dawa za vinblastini na vinkristini.

2. Yafanyaje kazi?
Chembe ya mwili ikitaka kugawanyika, hutandaza nyuzi za kuvuta urithi wake pande mbili. Vinkristini huzuia nyuzi hizo zisijengeke, chembe ikafa. Kansa hugawanyika ovyo, kwa hiyo huumia zaidi. Lakini nywele nazo huweza kunyonyoka, na mishipa ya fahamu hudhurika: vidole hufa ganzi, choo huwa kigumu.

3. Mbona tusichemshe?
Kupata gramu 1 ya vinkristini kwahitaji kama kilo 500 za majani makavu. Mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja, kwa sindano ya mshipani. Sufuria haina kipimo, na majani yana sumu nyingine pia. Tena wakati wapotea. Ule uvimbe wa taya wa watoto, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza huko Uganda mwaka 1958, waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hospitalini hutibiwa kwa vinkristini pamoja na dawa nyingine, na watoto wengi hupona. Wiki mbili za kuchemsha majani ni nyingi mno.

4. Tufanye nini?
- Mtoto akivimba taya na meno kulegea, msidhani ni jino tu. Mpelekeni hospitali ya Msambweni upesi.
- Anayetibiwa kansa akishikwa na homa, aende hospitali siku hiyo hiyo. Huenda kinga yake imeshuka.
- Kikundi kiweke akiba ya nauli ya wagonjwa.

Maswali ya kuzungumzia
Nani kijijini petu anatibiwa kansa sasa? Nauli yake ya safari ijayo ipo?