Mkweche wa Pikipiki: Ukague Mkoani Kabla Hujauvusha Makoongwe

Kijitabu hiki ni cha vijana wa kisiwa cha Makoongwe wanaotaka kununua pikipiki iliyopata ajali na kuifufua wenyewe. Hatumkatazi mtu. Pikipiki nyingi za Kichina zinafuata injini ya Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976: silinda moja, inapozwa kwa upepo, mafuta yanapitia kabureta. Mtu makini, mwenye seti ya spana na fundi wa kumuuliza, anaweza kujifunzia kazi hapo. Shida yetu ni bahari. Aliyeko Chake Chake akikosa boliti huenda dukani kwa miguu. Wewe utangoja chombo. Kwa hiyo uamuzi wa kununua au kuacha ufanye mkweche ukiwa bado uko ng'ambo, Mkoani.

Anza na kadi, hata kabla ya kugusa pikipiki. Namba ya chesi imegongwa kwenye shingo, chini ya usukani. Ya injini iko kwenye kasha la injini, upande wa chini. Zote mbili zilingane na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Ukiona alama za tupa au rangi mpya mahali hapo tu, ondoka. Namba ya usajili ikianza na Z, pikipiki ni ya Zanzibar. Ikianza na MC imesajiliwa Bara, basi uliza Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA) taratibu zake kabla ya kutoa pesa. Uliza pia kama kesi ya ajali imekwisha, kwani pikipiki iliyojeruhi au kuua mtu yaweza kuwa bado ni kielelezo. Mkataba uandikwe mbele ya sheha na mashahidi, pamoja na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Muuzaji anayekwepa kwenda kwa sheha amekwisha kukujibu.

Sasa chesi, na hapa usiwe na haraka. Simama ubavuni: tairi la mbele likiwa limesogea karibu na injini kuliko kawaida, pikipiki iligonga kitu uso kwa uso. Piga goti, utazame pale bomba linaposhuka kutoka shingoni. Rangi iliyokunjamana au kupasuka vipande vyembamba inaonyesha chuma kilichojikunja chini yake. Kisha chukua uzi mrefu. Ukaze ubavuni mwa tairi la nyuma, uguse kingo zake mbili, uupeleke mpaka tairi la mbele. Fanya hivyo pande zote mbili, usukani ukiwa umenyooka. Nafasi kati ya uzi na tairi la mbele ikiwa upande mmoja ni kubwa kuliko wa pili, kuna kilichopinda: rimu, foko au chesi yenyewe. Rimu na foko hununuliwa. Chesi iliyopinda shingoni iache. Moto na nyundo vinaweza kuirudishia umbo, lakini nguvu yake hairudi, nawe utabeba mzazi wako juu yake.

Pikipiki iliyozama baharini usiipige kiki. Fungua kizibo cha oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Iliyooshwa kwa maji matamu siku ile ile na kumwagwa oili inaweza kupona. Iliyokaa wiki na chumvi yake, beringi zake na nyaya zake zimekwisha kuliwa, hata kama tangi linang'aa. Injini iliyogandama kwa kukaa tu ina matumaini zaidi. Toa plagi, mimina oili kidogo ndani ya silinda, iache usiku kucha, kisha izungushe taratibu kwa mkono.

Andika kila kinachokosekana, ukaulize bei madukani siku hiyo hiyo, uongeze nauli ya chombo, fundi na kuhamisha umiliki. Jumla ikikaribia bei ya pikipiki inayotembea, nunua inayotembea. Spea zinazohitajika zivuke pamoja na mkweche. Wakati wa kuvusha, mwaga petroli yote, toa betri, uifunge imesimama.

Ukishaifikisha, shughulikia kwanza breki, magurudumu na usukani. Injini baadaye, rangi mwisho kabisa. Vijana wengi huanza na injini kwa sababu mlio wake unafurahisha, kisha wanaingia njiani na breki zile zile zilizopata ajali. Na siku utakayoirudisha ng'ambo, njia ya Mkoani kwenda Chake Chake ina vilima na kona, haisamehe breki mbovu.

Kofia ngumu aliyoivaa dereva siku ya ajali isivaliwe tena, hata ikionekana nzima. Povu lake la ndani likishabonyea halikingi kichwa mara ya pili. Nunua mpya, na ya abiria pia.